Risala ya Mafundi wa Gereji Isiyo na Gari, Juu ya Mashine Isiyopita Mlangoni

Mgeni rasmi, Jumatano ya tarehe tisa mwezi wa sita, jua likiwa bado halijafika utosini, mtu wa ofisi ya biashara ya mji alisimama pale ulipopita wewe sasa hivi, akabandika karatasi nyekundu kwenye mlango wa gereji hii, akazungusha waya, akapiga lakiri, akatuambia kuanzia saa hiyo mashine yetu haipo. Tunaanza na siku hiyo, hatuanzi na salamu, kwa sababu ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika, na waliopanga ratiba ya leo wametuambia tusiitaje. Walisema tuanze na shukrani. Shukrani zipo, zitakuja mahali pake.

Risala hii ni ya sisi mafundi watatu. Imeandikwa na seremala, mgane, aliyeishia darasa la tano, na ndiye anayekusomea. Humu ndani akitajwa ataitwa seremala tu, kama mtu mwingine, maana haya ni maneno ya kundi na hakuna aliyekuja hapa kujililia. Mahali sauti itakapokwaruza, hesabu kuwa ni vumbi la mbao.

KARIBU, INAMISHA KICHWA

Karibu gerejini, wewe na wakubwa wote uliofuatana nao. Mlango ni mfupi. Waliotangulia wamejigonga, wewe umeinama. Tumeliona hilo na tumelipenda. Utepe ulioukata ulifungwa kwenye misumari ile ile iliyoshika waya wa lakiri. Jana watu wa ofisi walikuja wakabandua karatasi nyekundu, wakakwangua gundi kwa kisu cha jikoni walichoazima kwetu, wakafunga utepe. Cheche akawauliza, "Mmeishiwa misumari?" Wakasema wao wameagizwa tu.

Cheche ni mchomeleaji. Ni yule mwanamke aliyesimama kushoto kwako, mwenye aproni ya ngozi, aliyekataa kuivua kwa ajili ya picha. Ni mdogo wake marehemu mke wa seremala, kwa hiyo seremala humwita shemeji hata wanapogombana, na wanagombana kila siku ya Mungu. Huyo mrefu aliyejibanza karibu na kompyuta ni Waya, fundi redio. Waya haongei mbele za watu. Lakini usimwache peke yake na kitu chenye plagi, utakikuta kimefunguliwa.

Na hiyo hapo katikati, mliyoifunika shuka jeupe kama maiti, ndiyo mashine. Kwa wasioijua: ni meza ya chuma yenye daraja linalotembea juu yake. Kwenye daraja pamefungwa ruta ya kuchongea mbao. Kompyuta inaiambia ruta nenda kule, rudi huku, shuka, panda, nayo inatii bila kununa. Ubao ukilazwa chini unaamka ukiwa na maua. Zinauzwa ng'ambo, zinakuja kwa meli. Hii haikuja kwa meli. Hii ilizaliwa humu.

TULIKOTOKA

Nyumba hii seremala na mkewe waliijenga chumba kwa chumba. Gereji ilikuwa wazo la mke. Gari hawakuwa nalo, wala hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuwa nalo, ila mwanamke yule alisema nyumba isiyo na mahali pa gari imejikatia tamaa mapema. Akamsimamia mwashi mwenyewe. Akataka sakafu iinamie mlangoni, ili siku wakiosha gari maji yatoke bila kufagiwa. Mwashi akamwambia, "Mama, gari lenyewe liko wapi?" Akajibiwa, "Wewe inamisha sakafu, gari niachie mimi." Majirani wakapaita gereji ya gari la mawazo, na jina likaganda.

Gari halikuja. Seremala akaliziba tundu la gari kwa tofali, akaacha mlango wa mtu tu, akahamishia humo benchi lake. Wakati huo alikuwa anachonga milango kwa mkono, patasi na nyundo ya mti, na michoro ilikuwa ya mkewe. Huyo mama hakuwa na subira ya karatasi. Alichukua mkaa jikoni akachora ukutani: majani yanayopandana, vikonyo vilivyosukana, maua ambayo hayaoti popote. Seremala akasimama, akatazama ukuta, akageuka, akachonga. Akikosea, sauti ilitoka jikoni: "Jani hilo limelala. Liamshe." Wala hakuwa amelitazama. Alikuwa amesikia patasi.

Ukuta wenyewe ni huo wa mbele, wenye mlango, ulio mgongoni mwako, mgeni rasmi. Tunakuomba ugeuke uutazame. Seremala aliupaka vanishi juu ya mkaa ili mvua na mabega ya watu yasiufute. Geuka tu, tutasubiri.

Ahsante.

Mama yule alikufa kwa ugonjwa ambao watu hawafi nao wakiwahishwa. Tulimfikisha kituo cha afya, tukaambiwa apelekwe hospitali kubwa, tukaomba gari la wagonjwa, tukaambiwa limetoka. Limetoka kwenda wapi? Limo kwenye msafara wa mgeni rasmi. Si wewe, ni mwenzako aliyekutangulia, aliyekuja kuzindua bomba ambalo mpaka leo linatoa upepo. Ndio utaratibu, walisema, msafara lazima ufuatwe na gari la wagonjwa, asije mkubwa akaugulia njiani. Mkubwa hakuugua. Jambo hili seremala amelisema kila palipo na watu zaidi ya wawili, na wakubwa wa mji wamekuwa wakinong'onezana kwamba yule mzee ana uchungu. Ndiyo, ana uchungu. Mlitaka awe na nini?

Baada ya msiba mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari akasema ni mishipa, shemeji yake akasema ni huzuni, mwenyewe akasema ni ofisi ya mji. Vyovyote iwavyo, patasi haikukaa tena. Milango aliyoanza aliiharibu. Akafunga vifaa kwenye gunia, akawa anakuja humu, anakalia benchi, anatazama ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye foleni.

Cheche akamvumilia, akamvumilia, hata siku moja akaingia na kofia yake ya kuchomelea mkononi.

"Shemeji, kwani ni lazima mkono uwe wako?"

"Una maana gani?"

"Nimeenda kuchomelea geti kwa tajiri mmoja wa samani. Nimeona chuma kinachonga. Mtu kakaa pembeni anakunywa chai."

"Chuma hakina macho."

"Na wewe mkono huna. Mtaelewana."

Waya alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha bisibisi. Akauliza chuma chenyewe kikoje. Cheche akamweleza kwa mikono, hivi, hivi, juu, chini. Waya akasikiliza, akasema neno moja: "Inatengenezeka."

"Kwa vyuma gani?"

"Fotokopi."

Nyuma ya ofisi za mji palikuwa na lundo la mashine za fotokopi zilizokufa, zimenyeshewa mvua mpaka zimeota majani. Tuliziomba kwa adabu dirishani, tukaambiwa ni mali ya umma, njoo kesho. Kesho hizo zilikuwa nyingi. Mwisho mlinzi wa lango, mtu wa maana kuliko wote waliomo mle ndani, akatuita akasema, "Bebeni, mnanipunguzia nyoka." Ndani ya kila moja mna mota ndogo isiyozunguka hovyo, inapiga hatua, inasimama inapoambiwa, inasubiri. Waya akazitoa moja moja kama anayetoa meno. Beringi tulipata kwa mafundi pikipiki. Reli za daraja ni za mlango wa duka uliokuwa wa kuteleza, duka likafa, mlango ukabaki. Fimbo ndefu zenye nyuzi za kukazia nati ndizo zinazosukuma kila kitu. Ruta ni ya seremala mwenyewe. Kompyuta ilitoka kwenye duka la intaneti lililofungwa, na bado ina picha ya maporomoko ya maji ambayo Waya hataki kuiondoa.

Hapa ndipo tulipofanya kosa letu, na tunalisema wenyewe kabla wengine hawajalisema kwa kucheka.

Seremala maisha yake yote ametengeneza vitanda. Kitanda hakitoki karakana kikiwa kitanda. Hutoka vipande, kikaungwa kwa nati chumbani kwa mteja. Kwa hiyo alipochora meza ya mashine hakuwaza mlango hata kidogo. Alijua itatoka vipande. Cheche naye maisha yake yote ametengeneza mageti, na mageti huchomelewa uwanjani. Akapewa vipimo na seremala, akaamini mwenye nyumba anaujua mlango wake. Kila mmoja aliiamini kazi ya mwenzake. Siku tuliyotaka kuitoa nje tuipige rangi, Cheche alikamata upande huu, Waya upande ule, wakafika mlangoni, wakasimama.

"Shemeji," Cheche akasema, "upana wa mlango huu unaujua?"

"Naujua. Nimeuchonga mwenyewe."

"Basi njoo uutazame tena."

Seremala akaja. Akatazama mlango, akatazama meza, akatafuta stuli.

"Kwani hukuweka nati?"

"Nati za nini? Mimi nachomelea. Nikikichomelea kitu kimeshaolewa."

"Basi bibi harusi wako hatoki nje."

Waya, ambaye haongei, akaitua meza chini taratibu, akasema, "Mwizi naye atapata tabu." Tukacheka mpaka jirani wa mashine ya kusaga akaja kuuliza kuna nini. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika humu tangu msiba, kwa hiyo hata kosa tulilishukuru.

Tukasema, basi ikae. Lakini sakafu inainama, mnakumbuka ni kwa amri ya nani. Tukachukua mpira mwembamba wa maji, ule wa waashi, maji hayaongopi, tukapima kila kona. Cheche akakata kila mguu kwa urefu wake, hakuna mguu uliolingana na mwenzake, akaichomelea kwenye vyuma tulivyozika ndani ya zege. Kwa hiyo, mgeni rasmi, mashine hii haisimami sawa mahali pengine popote chini ya jua. Ukiipeleka kwenye sakafu nzuri, sakafu iliyolala kama maji, itakuwa kilema.

KAZI YAKE

Waya aliupiga picha ukuta kwa simu, akaikalisha michoro ndani ya kompyuta mstari kwa mstari. Siku ya kwanza tulilaza kipande cha ubao, tukawasha. Ruta ikalia, daraja likatembea, unga wa mbao ukaruka, na jani likaanza kutokea. Seremala hakulitazama. Aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Limelala," akasema. "Liamshe."

Cheche akaenda jikoni ghafla, kana kwamba kuna kitu kimeungua. Waya akashusha ruta kidogo zaidi, akarudia. Jani la pili likatoka linapumua.

Tangu hapo tumechonga milango ya nyumba nyingi za mtaa huu. Tumechonga viti na madawati ya shule ile ya juu, ambayo watoto wake walikuwa wanaandika kwenye mapaja. Mafundi viatu wa sokoni wanachonga kalibu zao hapa, miguu ya mbao ya kila saizi, ya wazee yenye vifundo na ya watoto. Yule mshonaji wa kona aliyevunjikiwa gurudumu la cherehani la mbao, alilotafuta akakata tamaa, tulimtengenezea, na linazunguka. Mtaa unajua. Aliyekuwa hajui ni mji.

YA JUMATANO ILE

Afisa alikuja na msaidizi wa kubeba gundi. Hatumtaji kwa jina wala kwa kumnyooshea kidole. Yupo hapa, amekaa mstari wa pili, na suti inampendeza. Alikuta tunachonga dawati.

"Mashine hii ni ya kampuni gani?"

"Ni yetu," seremala akasema.

"Sijauliza ni ya nani. Nauliza nani kaitengeneza."

"Umejibiwa."

"Mzee, mashine huwa na jina la kiwanda na namba. Nionyesheni namba."

Waya akamwonyesha ubavuni pa mota moja, palipobaki kibandiko cha fotokopi. Afisa akasoma, akaona ni namba ya mali ya ofisi yake mwenyewe, akakunja uso.

"Hii haina kibali, haina namba, ipo kwenye nyumba ya kuishi watu. Kisheria mashine hii haipo."

Cheche akavua kofia yake ya chuma. "Kama haipo, unakuja kufunga nini?"

"Dada, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nataka kujua karatasi yako unaibandika kwenye hewa au kwenye mlango wa shemeji yangu."

Aliibandika kwenye mlango. Tukaenda ofisini kuomba kibali, maana sisi si wahuni. Dirisha la kwanza likasema kibali cha kiwanda hakitolewi kwa nyumba. La pili likasema kibali cha karakana hakitolewi kwa kompyuta. La tatu lilikuwa limefungwa, ndani watu wanaongea. Seremala akabisha hodi mpaka akachoka, akawaambia kwa nje, "Mlitoa gari la wagonjwa kwa mzima, mtashindwaje kutoa karatasi kwa wafanyakazi?" Wakamwitia mlinzi. Mlinzi alikuwa yule yule wa nyoka. Akamsindikiza mpaka langoni akimshika mkono, wakaongea habari za watoto.

TULIVYOENDELEA

Sasa, mgeni rasmi, tunafika mahali ambapo ratiba inasema tusome mafanikio kwa ufupi. Tutayasoma kwa ukweli.

Afisa alifunga mlango wa mbele. Gereji ina mlango mwingine, mwembamba, unaotokea jikoni. Hakuuona, kwa sababu hakupokea chai aliyokaribishwa. Tuliingia kwa mlango wa jikoni kuanzia kesho yake, na tukaendelea na kazi. Hatuombi radhi. Madawati ya watoto yalikuwa nusu.

Ruta ina kelele, lakini mashine ya jirani ya kusaga ina kelele zaidi. Jirani wetu akawa kabla ya kuwasha anagonga ukuta, anapaza sauti, "Nasaga." Nasi tunawasha. Akizima, tunazima, hata kama ua limebaki nusu. Siku ambazo wateja wa unga walikuwa wachache, alisaga pumba zake mwenyewe, zikasagika mpaka zikawa vumbi, ili tumalize jani moja. Wapo watu wa namna hiyo, na hawapo kwenye ratiba yenu, kwa hiyo tunawataja sisi.

Ule mlango uliouona kwenye nyumba ya ndugu yako, mgeni rasmi, ukaupapasa, ukauliza nani kauchonga, ukaambiwa mafundi wake wako mtaa huu, ndipo simu zikaanza kulia ofisi ya mji na watu wakaanza kutukumbuka, ule mlango ulichongwa humu wakati humu pamefungwa kisheria. Ulichongwa na mashine isiyokuwepo. Ulitoka vipande vipande kupitia jikoni, kati ya jiko na kabati la vyombo. Leo umekuja kuuzindua ufundi ambao ofisi hiyo hiyo iliupiga lakiri. Tumesoma bango lililotundikwa nje: "Mradi wa Ofisi ya Mji." Tumelisoma pamoja na majirani. Baadhi yao walilisoma mara mbili, wakidhani macho yao ndiyo yenye tatizo.

UKUTA

Wiki iliyopita alikuja mhandisi wa Kituo cha Ubunifu, kile kijengo kipya chenye vioo. Mtu mpole, mkono safi, hatuna ugomvi naye. Akapima mashine, akapima mlango, akapima tena, akatabasamu kama wanavyotabasamu wote.

"Itahamia kituoni," akasema. "Pale ina usalama, wageni wataiona."

"Haipiti," seremala akasema.

"Hilo si tatizo. Tutavunja ukuta huu wa mbele, tutaitoa, tutaujenga upya. Mzuri kuliko huu."

"Mtaujenga na michoro yake?"

"Michoro gani, mzee?"

"Hiyo uliyoiegemea."

Mhandisi akajitoa ukutani, akageuza shingo akatazama bega la shati lake kama limeshika uchafu. Halafu ndipo akautazama ukuta. Tunampa haki yake: alitazama kwa muda. Akasema, kwa sauti ya chini, "Si tunaweza kuupiga picha?"

"Picha tunazo," seremala akasema. "Zipo kwenye simu ya Waya. Mkono uliochora ndio haupo."

"Basi tuikate meza, tuiunge kule."

Cheche akamwambia, "Atakayekuja na msumeno aje pia na mashahidi, maana nitakuwa nimesimama ndani ya hiyo meza."

Mhandisi akasema yeye hana uamuzi, uamuzi uko juu. Tulijua. Kila jambo baya katika mji huu lina kiti chake huko juu, na ukipanda ngazi kukitafuta unakuta chumba kinachofagiwa.

Asubuhi hii lori la ofisi limekuja limeegeshwa nyuma ya magari yenu. Lina kamba, lina nyundo kubwa, lina watu wamekaa juu ya turubai wakisubiri. Seremala alikwenda akamsalimia dereva. "Umekuja kubeba nini, mwanangu?" Dereva akasema, "Mimi nimeambiwa nije tu, baba. Sherehe ikiisha watanipa maelekezo." Akamuuliza afisa, afisa akasema, "Leo siku ya furaha, mzee, usiiharibu." Akamuuliza mhandisi, mhandisi akatazama viatu vyake.

TUNACHOTAKA

Wametuambia sehemu hii iitwe maombi. Tumeipa jina lake.

Mashine inabaki. Ilitengenezwa kwa sakafu hii, kwa miguu iliyokatwa kwa sakafu hii, na watu wanaoijua wanakaa hapa. Anayetaka kuiona apite mlangoni, ainame kama ulivyoinama wewe, hajafa mtu.

Ukuta hauguswi. Wala kupakwa rangi kwa heshima, wala kuwekewa kioo. Seremala atakaa nao hivyo hivyo mpaka naye atolewe kwa mlango huo, ambao yeye ataupita, maana amejipima.

Kituo chenu kikitaka mashine, tutakitengenezea nyingine, kule kule ndani ya vioo, wafanyakazi wenu wakikaza nati na wetu wakiwaelekeza. Hilo hatulisemi kwa hasira. Waya ameshaanza kuchora. Na fotokopi bado zipo nyuma ya ofisi, na mlinzi bado ana nyoka.

Tunataka kibali, kiandikwe leo, mbele yako, kikiwa na namba. Kama hakuna fomu ya kitu kama hiki, iandikeni. Sisi mashine yenyewe hatukuikuta imeandikwa mahali.

La mwisho halihusu mashine. Gari la wagonjwa lililokuja na msafara wako limesimama kivulini pale kando, dereva wake amelala. Tunataka lirudi kituo cha afya sasa hivi, kabla hujasimama kujibu risala hii, kabla ya picha, kabla ya soda. U mzima, mgeni rasmi, tunakuona, na Mungu akuzidishie. Huko mtaani kuna mtu leo si mzima. Hatumjui jina, lakini yupo, kila siku yupo.

SHUKRANI

Tuliahidi zitakuja. Tunamshukuru mlinzi wa lango. Tunamshukuru jirani msagaji. Tunamshukuru mwashi aliyeinamisha sakafu huku akinung'unika. Tunakushukuru wewe kwa kuupapasa ule mlango, maana wakubwa wengi hupita milangoni bila kujua mkono uliochonga ulitetemeka. Na afisa wetu tunamshukuru pia, kwa kutouona mlango wa jikoni.

Mungu akurudishe kwako salama, uwakute watu wako wote wameketi, hapungui hata mmoja. Mikono yetu iliyo mizima na isiyo mizima inakuombea hivyo kwa dhati, pamoja na yote tuliyoyasema.

Ni sisi: seremala, mchomeleaji na fundi redio, Mafundi wa Gereji ya Gari la Mawazo.

Risala tunakukabidhi, lakini hatutarudi kwenye viti mlivyotupangia. Tutakaa hapa chini, migongo yetu ukutani, chini ya majani, na soda zenu tutazinywea hapa. Kutoka hapa tunaliona lile lori, na wale watu wameshashuka wameshika nyundo. Dereva hajui, afisa hasemi, mhandisi anatazama viatu. Umebaki wewe. Mgeni rasmi, lori lile limeitwa na nani?